Diski ya nje imeanguka ikiwa inazunguka, sasa inalia tik tik na harusi ya mtu iko ndani

KameraYaRoysa
Alhamisi, saa 5:52 usiku

Wadau naomba msaada na msinicheke kwanza. Mimi napiga picha na vidio za harusi na ruracio (ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu), kazi ya kujitafutia tu. Laptopu yangu ina nafasi ya 256GB, kwa hiyo miaka 3 iliyopita nilinunua hadidiski ya nje ya 2TB, ile ndogo ya kubeba, na ndiyo imebeba maisha yangu yote. Kila kazi nikimaliza kushusha kutoka kwa kadi naipeleka kwa diski halafu nafuta kwa laptopu ndio nafasi ipatikane. Nilikuwa naiita bakapu. Leo jioni niko hapa naediti harusi ya Jumamosi iliyopita, diski iko kwa kona ya meza, mtoto akapita mbio akifuata mpira akavuta waya, ikaanguka sakafuni na hii sakafu yetu ni ya vigae. Sio juu sana, ni kama kiunoni hivi. Nimeichomeka tena taa inawaka, inalia tik... tik... tik, inanyamaza, halafu inaanza upya. Mara moja tu ilionekana kwa kompyuta na ikaniuliza kama nataka kuifomati, nikaogopa nikabonyeza hapana. Bibi harusi ameshalipa nusu na anataka vidio kabla mwezi uishe kwa sababu bwana anarudi Qatar kazini. Kuna programu ya kurekebisha hii kitu? Mke amelala, bado sijamwambia.

fundi_wa_bodi
Alhamisi, saa 5:58 usiku

Ichomoe. Kwanza ichomoe ndio usome hii.

Umeichomoa? Sawa. Ndani ya hiyo kitu kuna sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, piga hesabu hiyo ni mara 90 kwa sekunde moja, na juu yake kuna kichwa cha kusomea ambacho hakigusi sahani, kinaelea kwa upepo wa huo mzunguko, na ule uwazi kati yao ni mwembamba kuliko unywele wako mara maelfu. Ikiwa imezimwa kichwa kimeegeshwa pembeni, inaweza kuanguka ukabahatika. Ikiwa inazunguka kichwa kinapiga sahani. Hiyo tik tik unayosikia ni kichwa kinatafuta alama za kujipanga, hakizipati, kinarudi mwanzo kinajaribu tena. Na kama kimekwaruza, kila ukiiwasha kinaendelea kukwangua ule utando wenye data. Unga ukishatoka hapo hakuna fundi wa kuurudisha.

Kwa hiyo hakuna programu. Programu za kurudisha faili ni za diski nzima ambayo mtu amefuta kitu. Yako ni mgonjwa wa mifupa na wewe unatafuta panadol. Na usiiendeshe chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski, hata ukiambiwa na nani, hiyo itakilazimisha kichwa kutembea diski nzima na kuandika juu.

Mtu_wa_Umoja2
Ijumaa, saa 6:10 usiku

Mimi jamaa aliniambia unaifunga na nailoni unaiweka kwa friza usiku mzima, asubuhi inafanya kazi kama lisaa, unakopi haraka haraka. Jaribu tu, utapoteza nini

fundi_wa_bodi
Ijumaa, saa 6:13 usiku

Atapoteza zile zimebaki. Ukitoa glasi kwa friji huoni inatoka jasho? Sasa hilo jasho liko juu ya sahani na kichwa kinapita hapo kwa kasi. Hiyo ya friza ilienea enzi za diski za zamani na hata wakati huo waliofanikiwa ndio walisimulia, wengine walinyamaza na hasara yao. Mchele pia usijaribu, najua mtu atakuja na mchele.

Na usifungue hizo skrubu! Nimeletewa diski ambayo fundi mmoja mahali aliifungua kwa kaunta karibu na barabara, vumbi la Nairobi unalijua, tukiangalia kwa mwanga tunaona kabisa alama ya kidole kwa sahani. Hiyo tulirudisha tu kwa mwenyewe na pole.

Kitambo_Sana
Ijumaa, saa 6:30 usiku

Vijana mnanikumbusha mbali. Sisi tulibeba kazi kwa disketi za 1.44MB, picha moja ya simu zenu za leo haingii. Na hadidiski ya kwanza kabisa, ile ya IBM ya 1956, ilikuwa kama kabati la nguo, ina sahani 50 na inabeba megabaiti 5 hivi. Hiyo mtoto hangeivuta ikaanguka. Pole kijana, endelea kusikiza fundi.

mama_ledger
Ijumaa, saa 6:41 usiku

Pole baba. Mimi ni mhasibu sijui kamera, lakini naona wote mnaongea juu ya diski. Hiyo harusi ilirekodiwa kwa kitu gani? Si kwa kadi? Kadi ziko wapi?

KameraYaRoysa
Ijumaa, saa 6:47 usiku

Ziko mbili mama, za 64GB kila moja. Lakini baada ya kushusha nilizifomati ndani ya kamera kama kawaida yangu. Ya kwanza nimeitumia jana kwa ruracio huko Limuru, kama GB 20 hivi. Ya pili haijaguswa tangu nifomati.

fundi_wa_bodi
Ijumaa, saa 6:50 usiku

Alaa! Si ungeanza na hiyo. Mama umeona mbali kuliko mimi.

Sikiza. Kamera nyingi zikifomati kadi hazifuti vidio. Ni kama keyateka amefuta namba za milango na majina kwa daftari lake. Wapangaji bado wako ndani wamelala, ila kwa daftari ploti inaonekana tupu, kwa hiyo wakati wowote anaweza kuleta mpangaji mpya na huyo mpya ndiye anamtoa wa zamani kabisa. Wale wa ruracio GB 20 wameingia vyumba vya mbele vya kadi ya kwanza. Hao wa zamani wa hapo wameenda. Vyumba vya nyuma bado wako, na kadi ya pili yote inaweza kuwa iko.

Toa kadi zote kwa kamera saa hii. Kile kidude cha kando sukuma kwa upande wa kufunga ili zisiandikwe. Nakili ruracio kwanza mahali salama, halafu tafuta PhotoRec, ni programu ya bure ya kurudisha faili zilizofutwa. Unaielekeza kwa kadi, lakini inachotoa unakipeleka kwa diski NYINGINE, usirudishe kwa kadi hiyo hiyo. Majina ya faili yatapotea, utapata herufi f na namba ndefu, utakaa ukifungua moja moja.

KameraYaRoysa
Ijumaa, saa 7:20 usiku

Laptopu imebaki na GB 11. Nimeamsha jirani wa juu, ana diski ya muvi ya 1TB, amenipa akasema nisiguse folda ya Kikorea ni ya mke wake. Lakini inafika faili kubwa inakataa, inasema faili ni kubwa mno na nafasi naona iko ya GB 300!!

thesis_ya_tatu
Ijumaa, saa 7:26 usiku

Hiyo ni FAT32, fomati ya zamani ya kupanga faili kwa diski. Angalia kwa propatizi. FAT32 haibebi faili moja inayofika 4GB hata kama diski iko tupu kabisa. Mwenyewe ama fundi wa TV aliifomati hivyo ndio TV ya zamani isome. Ukitaka faili kubwa inatakiwa iwe exFAT ama NTFS, sasa ukiifomati Wakorea wanaenda nyumbani.

mama_ledger
Ijumaa, saa 7:31 usiku

Rudisha diski ya watu. Kadi zimekaa siku 6 zitakaa masaa mengine 6. Asubuhi nunua mpya, kwanza ulale, mtu akiwa na usingizi ndio anabonyeza ndiyo mahali pa hapana.

KameraYaRoysa
Ijumaa, saa 7:33 usiku

Sawa mama. Asante. Naenda.

Dj_Mtaa_wa_Pili
Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Ukienda kununua jihadhari. Mimi niliona mtandaoni diski ya 16TB eti ya SSD, ile isiyozunguka, kwa 3,500, nikasema Mungu amenikumbuka. Ikaja na kiboksi kizuri, kompyuta ikasema kweli 16TB. Nikajaza miksi zangu zote. Baada ya wiki nafungua, majina ya faili yako lakini ndani hakuna kitu, hazichezi. Nikaipasua kwa hasira, ndani kuna kadi ndogo ya simu imebandikwa na gundi. Kadi ya simu! Wameichezea programu yake ya ndani idanganye kompyuta, ukishajaza ile nafasi ya kweli inaanza kuandika juu ya za kwanza ama inatupa tu.

fundi_wa_bodi
Ijumaa, saa 1:40 asubuhi

Hizo ziko nyingi sana. Bei ikiwa ya kuchekesha hiyo ni kadi ya simu. Na hata ya bei ya kawaida, ukifika nyumbani kabla hujaweka kitu chako endesha programu ya kuipima, H2testw kama ni Windows, ama F3 kama ni Linux au Mac. Inajaza diski yote kwa data yake halafu inaisoma tena kuona kama ndiyo ile ile. Ya 1TB itachukua masaa, wacha ifanye ukiwa umelala. Duka la maana linapaswa kukubali kukubadilishia ukirudi na hiyo picha ya majibu siku inayofuata, likikataa kukuandikia risiti yenye namba ya diski toka hapo.

Kingine watu hupigana na wauzaji bure: 1TB ikionyesha 931GB hujaibiwa. Anayetengeneza anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. 2TB itaonekana 1.81. Nimeshuhudia mtu karibu aitiwe askari huko barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa sababu ya hizo GB 69.

thesis_ya_tatu
Ijumaa, saa 2:05 asubuhi

Swali kwa fundi, kwani si bora anunue SSD ya nje tu maanake haina kitu cha kuzunguka, ikianguka hakuna kichwa cha kupiga sahani?

fundi_wa_bodi
Ijumaa, saa 2:30 asubuhi

Kwa kueditia ndiyo, kama mfuko unaruhusu. Haina sahani, ni nyepesi, ina kasi, ukiwa kwa matatu inaruka na matuta haijali. Lakini kwa bei ya SSD ya 1TB unapata ya kuzunguka yenye nafasi mara mbili na zaidi kidogo. Na SSD ikifa huwa haipigi tik tik kukuonya, leo iko kesho haionekani, na ukifuta kitu kwa bahati mbaya mara nyingi kurudisha ni ngumu kwa sababu inajisafisha yenyewe. Pia sio kitu cha kuandika ukaacha kwa kabati bila moto miaka na miaka, chaji za ndani hupungua. Kwa hiyo ya kutembea nayo na kufanyia kazi chukua SSD, ya kulaza bakapu nyumbani ya kuzunguka inatosha, ile bei nafuu, bora isikae kwa kona ya meza.

Na waya jamani. Nusu ya diski ninazoletewa eti zimekufa ni waya. Zile zenye ile pini pana ya bapa zinalegea, unaona diski inapotea inarudi inapotea. Badilisha waya kwanza. Usiiweke kwa habu ya poti 4 pamoja na fleshi na panya na feni, haitapata moto wa kutosha. Chomeka moja kwa moja kwa laptopu, poti ya USB 3, mara nyingi ni ya bluu. Ukichomeka kwa ile ya zamani ya USB 2 GB 200 itachukua lisaa na nusu na zaidi, kwa ya bluu ni kama nusu saa.

Mtu_wa_Umoja2
Ijumaa, saa 3:12 asubuhi

Mimi sielewi haya mambo yote ya diski, si mtu aweke kila kitu kwa Google yaishe

thesis_ya_tatu
Ijumaa, saa 3:20 asubuhi

Thesis yangu iko huko, ni MB 40 na data yake, inatosha kabisa na imeniokoa mara 2. Lakini vidio? Ya bure ni 15GB, na hiyo unagawana na imeili na picha, ile ya kuweka picha bila kikomo ilifungwa Juni 2021. Na hata ukilipia, ya kupandisha je? Wifi ya kwetu hupandisha Mbps 5 ikiwa na furaha. GB 500 kwa hiyo kasi ni siku 9 mchana na usiku, na stima isipotee.

mama_ledger
Ijumaa, saa 4:02 asubuhi

Niwaambie ninavyofanya mimi, na sijasomea kompyuta. Nina wateja wadogo wadogo, maduka, hadweya, mama mmoja wa saluni. Rekodi za kodi sheria inasema ziwekwe miaka 5, kwa hiyo siwezi kuja kumwambia mtu laptopu ilikufa. Nina diski 2 za bei ya kawaida. Nimezibandika selotepu nyeupe nikaandika A na B kwa kalamu kubwa. A iko nyumbani, kila Ijumaa saa 10 jioni nachomeka, nanakili, nachomoa. B iko kwa droo ya ofisi mjini. Mwisho wa mwezi nabeba A naenda nayo, narudi na B. Basi. Hazilali nyumba moja. Kuna mpiga picha Mmarekani anaitwa Peter Krogh alieneza hesabu yake watu wanaipenda, nakala 3, kwa vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Mimi nilianza hivyo kabla sijamsikia kwa sababu ya mwenzangu wa kozi: laptopu na diski zote kwa begi moja, foleni ya jioni, dirisha la matatu liko wazi. Begi likaenda. Alikuwa na bakapu kweli, ilikuwa kwa begi.

Na zangu zina nywila. Ndani kuna namba za vitambulisho, PIN za KRA (mamlaka ya kodi) na mishahara ya watu. Tangu sheria ya kulinda data ya 2019 nikipoteza hiyo kitu ikiwa wazi shida ni yangu. Natumia VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila. Nywila iko kwa karatasi kwa dada yangu, kwa bahasha, kwa sababu hiyo nayo ukiisahau hata malaika hafungui.

Dj_Mtaa_wa_Pili
Ijumaa, saa 4:20 asubuhi

Lakini mama kwa nini uchomoe? Mimi yangu iko kwa kompyuta 24/7 inajisawazisha yenyewe, nikiweka wimbo huku unaenda huko.

mama_ledger
Ijumaa, saa 4:31 asubuhi

Na ukifuta huku?

Dj_Mtaa_wa_Pili
Ijumaa, saa 4:33 asubuhi

...unafutika huko

fundi_wa_bodi
Ijumaa, saa 4:50 asubuhi

😂😂 Hapo sasa. Kioo hakikumbuki sura yako ya jana. Ukitumia FreeFileSync, programu ya kusawazisha faili, kuna mahali pa kuiambia kile kinachofutwa kisitupwe, kipelekwe folda ya kando na tarehe yake. Windows yenyewe ina File History, Mac iko na Time Machine, hizo zinaweka matoleo ya nyuma, ukiharibu faili Jumanne unachukua ya Jumatatu. Na kuchomoa ni kwa sababu ya radi na stima inayorudi na nguvu, na virusi vya kudai fidia. WannaCry ya Mei 2017 ilifunga mpaka diski za nje zilizokuwa zimechomekwa. Iliyo kwa droo haikujua kulikuwa na kitu.

Halafu kabla ya kuvuta waya bonyeza kwanza ile ya kutoa salama, hasa kama umefomati exFAT. exFAT ni nzuri kwa sababu inasoma Windows na Mac, lakini ukiivuta katikati ya kuandika haina daftari la kukumbuka ilikuwa wapi, NTFS inalo. Ila NTFS kwa Mac utasoma tu, kuandika hapana, mpaka uongeze programu.

KameraYaRoysa
Jumamosi, saa 3:40 usiku

Nimerudi. Nimesoma yote. Nilinunua jana diski mpya 2, za 1TB, nikazipima moja baada ya nyingine na H2testw, zote ni za kweli. Ndio maana nimechelewa, maanake sikutaka kuanza kabla haijamaliza, nilikaa nikiangalia ile laini inasonga kama mtu anangojea ugali uive.

Kadi ya pili: YOTE IKO. Kanisa, pete, hotuba, keki, babu akicheza. Nililia kidogo, sioni haya. Kadi ya kwanza: ile sehemu ya mwanzo imeenda, sasa ukifungua unakuta wazee wa Limuru wanahesabu mbuzi. Kilichopotea ni maandalizi ya asubuhi na ile ya kumtoa bibi harusi nyumbani, akina mama wakiimba nje ya mlango wanakatazwa kuingia, na faili moja katikati ambayo haifunguki kwa sababu kichwa chake kimekanyagwa na mbuzi. Kuanzia msafara wa magari mbele yote iko.

Nimempigia bibi harusi nikamwambia ukweli. Alinyamaza muda. Halafu akasema shangazi yake alikuwa anarekodi na simu pale mlangoni.

mama_ledger
Jumamosi, saa 3:52 usiku

Asitume kwa WhatsApp! Itakuja imekamuliwa. Mfuate.

KameraYaRoysa
Jumapili, saa 1:08 usiku

Nimetoka Githurai saa hii. Nilienda na laptopu na waya, nikanakili moja kwa moja kutoka kwa simu, dakika 26. Imeshikwa wima na kidole chake kiko kwa kona, lakini sauti ya wale akina mama ni safi kuliko ningerekodi mimi maana alikuwa katikati yao, yeye mwenyewe ndiye anaongoza wimbo. Nimekunywa chai nikapewa na mahindi ya kuchoma ya kubeba.

fundi_wa_bodi
Jumapili, saa 1:30 usiku

Safi sana. Na ile diski ya zamani?

KameraYaRoysa
Jumapili, saa 1:47 usiku

Nilipiga simu mahali wanafungua kwa chumba kisicho na vumbi, wanabadilisha vichwa kwa kutoa vya diski nyingine ya aina ile ile. Bei waliyotaja ni zaidi ya kamera yangu na hakuna ahadi. Kazi za wateja wa zamani nilishawapa zao kwa fleshi, hao wako sawa, nimeanza kuwaomba wale ninaowakumbuka wanirudishie nakala na 4 wamekubali. Kitu kinaniuma ni chetu. Huyu mtoto aliyevuta waya, vidio zake zote tangu kuzaliwa ziko huko. Alivyoanza kutembea iko huko peke yake. Kwa simu nilifuta kwa sababu nilikuwa najua ziko kwa bakapu.

Mke nimemwambia. Hakusema kitu, alichukua diski akaifunga na soksi ya mtoto akaiweka kwa sanduku la vyeti, akasema hakuna mtu kuichomeka tena, tutachanga. Ameanza kuuliza ndugu zake kama kuna mtu alitumiwa hizo vidio wakati huo. Mpaka sasa shemeji amepata moja, sekunde 14, anatembea kutoka kwa kochi mpaka kwa meza anaanguka.

Kitambo_Sana
Jumapili, saa 2:15 usiku

Kijana, hiyo ya sekunde 14 umeiweka wapi?

KameraYaRoysa
Jumapili, saa 2:16 usiku

A, B, na moja iko kwa mama yangu Kitengela. Selotepu nyeupe.